Mama mkwe anasema mwenye surua hachomwi sindano, na mimi nina watoto wawili ndani

Shikamoo Shangazi,

Samahani nakuandikia usiku, saa tano na kitu, watoto washalala na baba yao yuko zamu, ni mlinzi, mi nimekaa jikoni ili mama mkwe asinisikie maana anajua nimelala. Nakaa Tandika, nyumba ya kupanga, vyumba sita, uwa mmoja, bomba moja, choo kimoja. Nina watoto wawili, wa kwanza wa kiume ana miaka mitatu, wa pili wa kike ana miezi saba na bado ananyonya.

Sasa mtoto wa mpangaji mwenzangu, mlango wa pili kutoka kwangu, alianza kuumwa wiki iliyopita, mafua, kikohozi, macho mekundu yanatoa tongotongo, mama yake akasema ni hii hali ya hewa, hata mi nikasema hali ya hewa, kila mtoto Dar ana mafua saa hizi. Wa kwangu wakawa nae kama kawaida, Alhamisi nakumbuka kabisa nilipika uji nikamimina kikombe kimoja yule na kijana wangu wakapokezana, na huyu mdogo nilimpakata hapohapo kwenye mkeka. Jumapili asubuhi yule mtoto kaamka ana vipele nyuma ya masikio na usoni, mpaka jioni vimeshuka shingoni na kifuani, homa mpaka anaweweseka. Jana Jumatatu wakampeleka hospitali wakaambiwa surua. Leo ndo Jumanne, nimeshinda nawashika wangu paji la uso kila saa.

Wa kwanza ana chanjo moja tu ya surua, ya miezi tisa. Ya mwaka na nusu hakupata, na hapa ndo roho inaniuma. Nilimpeleka Shangazi, nilimpeleka mwenyewe kwa mguu, mwezi wa kwanza 2024, nikakaa kwenye benchi toka saa mbili mpaka saa tano, nesi akaja akasema leo wa surua mko wawili tu, siwezi kufungua kichupa kwa watoto wawili, njooni Jumatano ijayo mtakuwa wengi. Jumatano nina oda ya chapati, Jumatano nyingine mtoto ana homa, alafu Februari wakapita wale wa kampeni mtaani, wakagonga mpaka mlangoni, aliyekuwepo ni baba watoto, akawajibu wetu kashachomwa, tangu lini mtu anachomwa ugonjwa mmoja mara mbili, mbona sisi tulichomwa moja na tumekua. Kazini kwake wanaambiana hizi sindano za kurudiarudia ni za kupunguza uzazi. Baada ya hapo nikapata mimba ya huyu wa pili, ikanisumbua, basi ndo ikaisha hivyo. Kadi yenyewe ya kliniki ilipotea tulipohama chumba. Kwenda bila kadi naogopa, wale manesi wakikuanza mbele za watu unatamani ardhi ipasuke uingie.

Lakini kubwa ni mama mkwe. Yuko na sisi toka nijifungue, ametoka Dodoma kijijini, na nampenda, sikuandikii kumsema vibaya, huyu bibi ndo alinikanda na kunilelea mtoto nikiwa sijiwezi. Jana nilivyosema nataka kuwapeleka watoto wakachomwe alinyamaza mda mrefu, alafu akaniambia kitu ambacho hata mume wangu hakijui vizuri. Kabla ya mume wangu alizaa mtoto wa kike. Mwaka 1984, yule mtoto ana miaka miwili, akapata surua. Wakampeleka zahanati akachomwa sindano, kesho yake vipele vikaanza kufifia usoni, bibi akafurahi akijua mtoto kapona. Siku ya nne baada ya hapo akafa, anapumua kama mtu anayekimbia. Wazee wakamwambia sindano ndo imemuua, surua imerudi ndani kwa sababu haikuachwa itoke yote. Yaani miaka arobaini, Shangazi, anaamini yeye kwa miguu yake ndo alimpeleka mwanae akauawe. Kaniambia mwanangu surua ina njia yake, ukiiziba inaua. Anataka nikae nao ndani, nisiwaogeshe, nisiwachome chochote, vipele vikianza niwape uji wa mtama na kuwaweka gizani, na kuna majani anayajua atayakamua awadondoshee machoni wasipofuke.

Nilishindwa kumjibu. Mtu kakufungulia kaburi la mwanae, unamjibu nini? Na nikiwachoma kesho alafu mmoja akatoka surua kweli, si atajua na mimi nimemuua wangu? Na huyu wa miezi saba wanasema hajafika umri. Nifanyeje? Nikimbie nao kwa dada yangu Mbagala, japo na yeye ana watoto watatu?

Mama wa Wawili, Tandika

*

Marahaba mwanangu.

Meseji yako niliiona usiku uleule na nilikujibu palepale kwa kifupi: kesho asubuhi wabebe wote wawili uende kliniki, kadi au bila kadi, Mbagala usiende, na kitu chochote kisidondoshwe kwenye macho ya mtoto yeyote humo ndani. Hayo matatu yalikuwa hayawezi kusubiri. Sasa nakujibu kwa kirefu, na nitaanza na bibi, maana nimekaa wodi ya watoto miaka mingi kabla ya kustaafu na hadithi yake nimeisikia kwa akina mama wa mikoa tofauti, imefanana mpaka inatisha, mtoto ana surua, kachomwa, vipele vimepotea, mtoto kafa. Hawasemi uongo. Walichokiona ndicho kilichotokea. Ila waliunganishiwa vibaya, na aliyeunganishiwa hivyo anabeba mzigo usio wake.

Vipele vya surua vinaanza nyuma ya masikio na kwenye paji, vinashuka usoni, shingoni, tumboni, mpaka miguuni, inachukua kama siku tatu hivi, na kufifia navyo vinafifia kwa mpangilio uleule, uso kwanza. Kwa hiyo mtoto aliyefikishwa zahanati siku ya tatu au ya nne, hata usingemchoma kitu, hata ungemmwagia maji tu, kesho yake uso ungeanza kusafika. Havijarudi ndani, vimemaliza safari yake. Tatizo ni kwamba ugonjwa haukai kwenye ngozi. Surua inashika mapafu, utumbo, mdomo, macho, na inaangusha ile kinga ya mwili, mtoto anabaki hana askari, ndo maana anayekufa kwa surua mara nyingi hafi siku vipele vimejaa, anakufa baadaye kidogo kwa nimonia au kuharisha, pale ambapo nyumbani wameshaanza kushukuru Mungu. Ile pumzi ya mtu anayekimbia aliyoiona bibi ni nimonia. Ilikuwa humo kabla ya sindano. Mwambie hivi, na mwambie kwa upole na kwa maneno yako: alimpeleka mwanae mahali sahihi, siku ile hapakuwa na pengine pa kumpeleka pazuri zaidi ya pale.

Na kuna jambo la huko kwao Dodoma ambalo nataka alisikie. Miaka hiyohiyo ya themanini, hospitali ya Mvumi, madaktari walikuwa wanaona surua inavyoua na inavyopofua watoto wa vijiji vile, wakajaribu kitu. Walichukua watoto 180 waliolazwa kwa surua, watoto 88 wakapewa vitamini A ya kutosha, 92 wakatibiwa kama ilivyokuwa kawaida. Kwenye wale 92 walikufa 12. Kwenye wale 88 walikufa 6. Majibu yalichapishwa 1987, na mwaka huohuo WHO na UNICEF wakashauri watoto wenye surua kwenye nchi kama zetu wapewe vitamini A. Miaka mitatu mbele Cape Town wakapima tena wakaona hivyohivyo, waliopewa 92 walikufa 2, wasiopewa 97 walikufa 10. Kwa hiyo mtoto wa bibi alikufa 1984, miaka mitatu kabla dunia haijaambiwa kwamba yale matone yanaokoa. Daktari aliyekuwa zamu hakuwa nayo kichwani. Bibi angeyajulia wapi? Lakini waliotufundisha sisi wote ni watoto wa Dodoma, wa rika la mwanae, na mimi kila nilipokuwa nakata ncha ya kile kidonge chekundu na kukikamulia mdomoni mwa mtoto mwenye surua nilikuwa nawakumbuka.

Hapohapo nikuombe kitu. Nenda kwa huyo mpangaji mwenzako umuulize mtoto alipewa matone ya vitamini A hospitali? Dozi ni mbili, moja siku ya kwanza na nyingine kesho yake, kwa mtoto aliyevuka mwaka ni kidonge chekundu cha yuniti 200,000, wa miezi 6 mpaka 11 ni cha bluu cha 100,000. Hata kama alipata matone ya Juni au Desemba, akiwa na surua anapewa tena. Macho yakiwa yameanza kuharibika kuna dozi ya tatu baada ya wiki nne mpaka sita. Akikuambia alirudishwa na panadol tu, arudi akaulizie kwa jina, matone ya vitamini A.

Sasa sindano. Bibi anasema mwenye surua hachomwi, na hapa kuna sindano mbili zimechanganywa. Aliyokuwa anachomwa mtoto aliyekwisha kutoka vipele ni dawa, ya homa au ya kuua bakteria. Chanjo ni kitu kingine, anachomwa mtoto mzima, ni kirusi chenyewe cha surua kilichodhoofishwa mpaka hakina nguvu ya kuumiza mtu mwenye afya yake, mwili unakiona, unajifunza sura yake, siku mwenyewe akija anakuta mlango umefungwa. Wa kwako hawana vipele. Hao ndo wa kuchomwa.

Nitakuambia ukweli wote, usije ukasema Shangazi alinificha. Chanjo ikichomwa ndani ya saa 72 tangu mtoto akutane na mgonjwa inaweza kuzuia kabisa surua isimtoke. Wewe umeniandikia Jumanne ukihesabu toka Jumapili vipele vilipotoka, lakini mwenye surua anaambukiza toka siku nne kabla ya vipele, wakati bado mnaita mafua, mpaka siku nne baada ya vipele. Ile Alhamisi ya uji alikuwa anaambukiza tayari. Na wala si kikombe, hata ungewagawia vikombe vitatu ingekuwa ileile, kirusi hiki kinaelea hewani mpaka saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani, watu 10 wasio na kinga wakikaa nae karibu 9 wanaondoka nacho. Kwa hiyo hizo saa 72 zilikuwa zimeshapita wakati unaniandikia. Mbona basi nimekuambia uende? Kwa sababu kama hawajashikwa bado, wamekingwa na ya kesho, uwa wenu una watoto wengi na huyo mmoja hatakuwa wa mwisho. Na kama wameshashikwa, chanjo haiongezi ugonjwa hata kidogo. Hilo ndo jibu la ile hofu yako, ile ya kwamba ukimchoma na akatoka surua utakuwa umemuua. Akitoka surua wiki ijayo ameitoa kwenye ule mkeka. Hajaitoa kliniki. Nataka bibi na baba watoto walisikie hili kabla, wasije wakalisikia siku ya vipele wakaona unajitetea.

Wa kiume ana dozi moja kwa hiyo si kwamba yuko uchi. Dozi ya miezi tisa inashika vizuri kwa watoto kama 85 kwenye kila 100, wale 15 inapita tu, mara nyingi kwa sababu kinga waliyotoka nayo tumboni kwa mama bado ipo na inakipiga kile kirusi dhaifu kabla mwili wa mtoto haujajifunza. Huwezi kuwajua kwa macho. Ndo maana kuna dozi ya pili, inawafuata hao 15 waliokosa, na ukichomwa zote mbili unafika karibu 97 kwenye 100. Baba watoto kauliza swali la maana kabisa, tangu lini, jibu lake ni tangu 2014, hapo ndo Tanzania iliweka dozi ya pili kwenye ratiba na chanjo ikawa ya surua na rubela pamoja. Yeye alichomwa moja kwa sababu ndo iliyokuwepo. Na hayo ya uzazi wanayoambiana kazini, hiyo rubela iliyoongezwa humo ndani ndo inayolinda uzazi, maana mjamzito akipata rubela miezi ya mwanzo mimba inaweza kutoka, au mtoto akazaliwa kiziwi, ana mtoto wa jicho, moyo una tundu. Akiwa na binti wa miezi saba ndani hilo linamhusu moja kwa moja. Mwambie akitoka zamu aninukuu kwa wenzake.

Huyo binti sasa. Ratiba ya kawaida ni miezi 9 na miezi 18, ni kweli. Lakini surua ikiwa imezuka, mtoto aliyefikisha miezi 6 anaweza kuchomwa dozi ya ziada mapema, haihesabiwi, wauguzi wanaiita dozi sifuri, akifika miezi 9 anaanza upya na miezi 18 anamalizia. Uamuzi ni wa wahudumu, kwa hiyo ukifika usiseme tu nimeleta watoto, sema nakaa uwa mmoja na mtoto aliyethibitishwa ana surua, wamekaa pamoja tangu Jumatano iliyopita. Sentensi hiyo inafungua milango. Na endelea kumnyonyesha, usipunguze hata mara moja.

Kadi isikutese. Jina lake liko kwenye rejista ya kliniki uliyompeleka akiwa na miezi tisa, na hata rejista ikikosekana, mtoto akichomwa dozi aliyokwisha kuipata hakuna kinachoharibika, mwili wenye kinga unakimaliza kile kirusi dhaifu na mambo yanaisha. Chanjo hailipiwi. Wakikusema, wacha wakuseme, utarudi nyumbani na watoto waliochomwa.

Kuhusu kile kichupa, hapa nasema na nesi wenzangu mnaosoma. Naijua hesabu yenu, kichupa kimoja ni dozi 10, ukishachanganya ule unga na maji yake una saa sita tu, kinachobaki unamwaga, na kuna mtu atakuja kukuuliza umemwaga dozi nane kwa nini. Na mimi nimewahi kumwambia mama arudi Jumatano. Yule mama sikumwona tena, na mpaka leo nikikaa peke yangu namfikiria. WHO inashauri kichupa cha surua kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwa sababu dozi tisa zikimwagwa zinanunulika nyingine. Mama aliyeacha oda ya chapati, akatembea, akakaa saa tatu kwenye benchi, akaambiwa arudi, huyo amefanya sehemu yake yote. Mwanangu, wewe hukuzembea. Uliangushwa, ukachoka. Mwishoni mwa 2022 kule Mpimbwe, Katavi, surua ilizika watoto kwenye nchi hii hii, na mitaa kama yenu ina watoto wa dozi moja wengi kuliko tunavyodhani, wengine hata hiyo moja hawana.

Mbagala nimekukataza kwa sababu ukiwapeleka sasa wanaweza kuwa wamebeba, na huko kuna watatu. Kaeni nyumbani. Asiingie mtoto wa jirani kwako na wako wasitoke, mpaka siku zipite.

Na katika aliyoyasema bibi, yapo ya kweli na mpe haki yake. Kumtenga mgonjwa ni sahihi. Chumba chenye mwanga mdogo ni sahihi, macho yenye surua yanaumia kwenye mwanga. Uji ni sahihi sana, wa mtama, laini, kidogokidogo mara nyingi, kwa sababu mdomo unakuwa na vidonda na mtoto anakataa chakula, na asipokula ndo anaporomoka. Uji huo aendelee nao na baada ya kupona, amwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki kadhaa, maana surua inafuta kumbukumbu ya kinga, kuna utafiti wa 2019 uliopima damu za watoto kabla na baada ya surua ukakuta wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kinga walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Kuoga aoge, maji ya uvuguvugu, haraka, akaushwe. Kitu kimoja tu nakataa na sitalegeza, ni yale majani ya machoni. Jicho la surua limekauka na kioo chake kimelainika, tone la majani, la maziwa, la sukari, la chochote, linaweza kulitoboa. Nimewaona hao watoto, wanaingia wodini wanaona, wanatoka wanashikwa mkono. Chukua maji yaliyochemka yakapoa, kitambaa safi cha pamba, futa kutoka puani kwenda nje, kona ya kitambaa ukishaitumia usiirudie, jicho jingine kitambaa kingine. Ukiona weupe kwenye mboni, au mtoto hafungui macho kabisa, usiku huohuo hospitali.

Jumatano saa nne asubuhi ulinitumia neno moja, "kafungua". Baadaye ukaandika wote wamechomwa, mdogo kaandikiwa dozi sifuri kwenye kadi mpya, na kwamba bibi hakuja na hakukuzuia, alikaa mlangoni tu. Nilisoma nikakaa kitako.

Leo naandika Jumamosi. Ukihesabu toka ile Alhamisi ni siku ya 9. Surua ikija, homa na mafua huanza karibu siku ya 10, vipele karibu siku ya 14, na mpaka siku ya 21 bado hujatoka hatarini. Kwa hiyo kesho na wiki yote inayofuata ndo za kuamka usiku. Kwenye ngozi yetu nyeusi usisubiri kuona wekundu, pitisha kiganja nyuma ya sikio na kwenye paji, utausikia mkwaruzo kabla hujauona. Mfungue mdomo juani, angalia ndani ya shavu usawa wa magego, vidoti vyeupe kama punje za chumvi, hivyo hutokea siku moja mbili kabla ya vipele. Chanjo nayo huwapa watoto wachache homa na vipele vidogo kati ya siku ya 7 na ya 12, zitaangukia siku hizohizo, usibaki unabishana ni kipi, piga simu kliniki kwanza useme unamleta mtoto wa homa aliyekaa na surua ili wasikuweke benchi moja na vichanga. Asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, mwenye degedege, anayelala haamki, huyo hapigiwi simu, anakimbizwa.

Na bibi mpe kazi ya pumzi. Mtoto akiwa ametulia, hajalia, hajanyonya sasa hivi, nguo ipandishwe kifua kionekane, wewe shika simu uangalie dakika moja kamili, yeye ahesabu kila kifua kinapopanda. Mdogo akifika 50 au zaidi, mkubwa akifika 40 au zaidi, au ngozi chini ya mbavu inabonyea kila akivuta hewa, mnatoka, hata ikiwa saa nane usiku, hata bila vipele. Mara mbili kwa siku, asubuhi na kabla ya kulala. Kuhesabu ahesabu yeye, kwa sababu katika nyumba hiyo yeye peke yake ndo aliyewahi kuisikia ile pumzi, na akiisikia tena ataijua kabla ya dakika kuisha.